Kuhamia pikipiki ndogo kwa safari fupi za kila siku: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Niseme mapema kwamba majibu haya yana upande. Kwa miaka sita niliendesha pikipiki ya cc 650 yenye silinda mbili, kwenda kazini na kurudi, kilomita 6 kila upande. Leo naendesha ya cc 125. Lakini nimewashauri pia watu wasishuke kwenda ndogo, na utaona ni kwa nini.

Safari "fupi" ni ipi hasa?

Pima kwa dakika, usipime kwa kilomita. Injini inaweza kuonekana imeshapata moto baada ya dakika tano, kumbe oili bado iko nyuma. Oili ya injini kubwa huhitaji karibu robo saa hadi dakika 20 za mwendo wa kweli ndipo ipate joto la kufanya kazi yake yote. Ukifika na kuzima kabla ya hapo, asubuhi na jioni, wiki nzima, basi safari zako ni fupi.

Safari hizo zinaidhuru vipi pikipiki kubwa? Si ndiyo inapumzika?

Hapana, haipumziki. Hili ndilo jambo lililonihamisha mimi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Petroli ikiungua hutoa maji. Lita moja huzaa karibu lita moja ya maji, ila yanatoka yakiwa mvuke, ndiyo maana huyaoni. Injini ikiwa baridi, sehemu ya mvuke huo hupenya pembeni mwa pistoni, huingia ndani ya injini na kugeuka matone kwenye kuta baridi za chuma. Petroli ambayo haikuungua vizuri nayo hushuka njia hiyohiyo. Ukiendesha saa nzima, oili hupata moto, na maji na petroli huvukizwa na kutolewa. Ukiendesha dakika kumi, vyote vinabaki, na kesho unaongeza vingine.

Siku moja nilifungua kifuniko cha kujazia oili. Upande wa ndani kulikuwa na utando mweupe mzito, kama losheni iliyosahauliwa juani. Nikapata hofu kwamba maji ya rejeta yanavuja ndani ya injini. Fundi akaupangusa kwa kidole, akaniuliza: "Kazini ni mbali?" Nikamwambia kilomita sita. Akacheka, akaninyoshea kitambaa. Hakukuwa na kilichovunjika. Nilikuwa napika oili kwa moto usiotosha.

Ekzosi nayo huoza kwa ndani kwa sababu hiyohiyo. Betri hudhurika pia: kuwasha injini kubwa kunakula umeme mwingi kwa mpigo mmoja, kisha dakika kumi za foleni, injini ikinguruma bila mwendo nusu ya muda, hazirudishi kilicholiwa. Mimi nilibadilisha betri mbili ndani ya miaka mitatu na kuwalaumu waliozitengeneza.

Na ndogo haipati madhara hayo?

Inapata, lakini kidogo. Injini ya cc 125 inayopozwa kwa hewa ina chuma kidogo na oili ya karibu lita moja tu, wakati kubwa hubeba lita tatu au nne. Kinachohitaji kupashwa moto ni kidogo, kwa hiyo kinapata moto mapema. Betri ndogo huwasha injini ndogo, na nyingine zina kiki ya mguu kabisa. Hata hivyo, kama kazini kwako ni dakika nne, hakuna injini ya petroli itakayofurahi. Fikiria ya umeme, au baiskeli.

Nitaokoa mafuta kiasi gani?

Pungufu ya unavyodhani. Watu wengi huja na swali hili wakiwa wameshajishawishi, kwa hiyo tupige hesabu pamoja. Chukua kilomita 12 kwa siku, siku tano, yaani 60 kwa wiki. Pikipiki kubwa inayokula lita 6 kwa kilomita 100 itatumia lita 3.6. Ndogo inayokula lita 2 itatumia 1.2. Umeokoa lita 2.4 kwa wiki. Kwa mwaka wa wiki 48 za kazi ni lita 115 hivi.

Ni kitu, lakini linganisha na bei ya kununua pikipiki nyingine. Anayeishi kilomita 30 kutoka kazini angeokoa lita 12 kwa wiki, mara tano zaidi. Mwenye safari fupi ndiye huzungumzia sana kuokoa mafuta, ilhali ndiye anayeokoa kidogo kuliko wote.

Sasa akiba iko wapi?

Kwenye vitu vinavyochakaa. Tairi pana la nyuma la pikipiki kubwa ni ghali, na likiendeshwa mjini tu huisha katikati na kubaki bapa. Tairi jembamba la 125 ni rahisi na karibu kila fundi analifungua. Cheni na sproketi hali kadhalika.

Kuna pia gharama ya ufundi. Kurekebisha nafasi ya valvu kwenye injini nyingi kubwa ni kuondoa tangi, kufungua vifuniko, kupima vijisahani vya chuma vinavyoweka nafasi hiyo na kuagiza vipya. Kwenye injini nyingi ndogo zenye silinda moja ni skurubu na nati: unaingiza geji, unakaza, unafunga, umemaliza kabla jasho halijakauka. Naifanya mwenyewe, nami si fundi.

Bima na kodi hutegemea unapoishi. Piga simu uulize kabla ya kununua, usikadirie.

Uzito ni suala kubwa kiasi hicho? Nikishaondoka siusikii.

Ukishaondoka, ndiyo. Pikipiki kubwa kama BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na mafuta. Honda CB125F ya miaka ya karibuni ina 117. Tofauti ni kilo 132, na hizo utakutana nazo kabla ya kuwasha na baada ya kuzima: kuirudisha nyuma kwenye mteremko, kuigeuza uani, kuichomoa katikati ya mbili zilizoegeshwa vibaya.

Mtu hauoni mzigo huo kama mzigo. Anauona kama uvivu wake mwenyewe. Mimi nilikuwa na asubuhi ambazo nilisimama mlangoni, nikatazama ile 650 imebanwa ukutani, nikahesabu moyoni: kuvuta, kusukuma, kugeuza, kufungua geti, kurudi kulifunga. Nikaenda kwa miguu hadi kituoni nikapanda basi. Nilikuja kujua baadaye kwamba kwa mwezi zilikuwa siku nane au tisa. Pikipiki ipo, imelipiwa kila kitu, nami niko kwenye basi nimesimama.

Kabla ya kuuliza cc ngapi, weka daftari karibu na mlango kwa mwezi mmoja. Kila siku uliyoiacha nyumbani, andika kwa nini. Kama ukurasa umejaa "uzito", "foleni", "joto la injini mapajani", una jibu. Kama umejaa "mvua", pikipiki ndogo haitakusaidia lolote.

Ndogo ni hatari zaidi barabarani?

Ina hatari za aina nyingine. Kwenye foleni ni salama kuliko kubwa kwa maana kwamba unaitawala kwa urahisi, mguu unafika chini na kona finyu haikutishi. Lakini ina mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni breki. Watu hudhani pikipiki nyepesi lazima isimame karibu zaidi. Sivyo. Kinachosimamisha ni mshiko wa tairi na ubora wa breki, na pikipiki kubwa yenye diski mbili na ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisikwame ukifunga breki ghafla) huweza kuishinda ndogo yenye drami na tairi jembamba. Ulaya, tangu 2016, aina mpya za pikipiki za zaidi ya cc 125 zinatakiwa kuwa na ABS, lakini zile za 125 zinaruhusiwa kutumia breki zilizounganishwa, za mbele na nyuma zikifunga pamoja, badala yake. Kwa hiyo ukishuka unaweza kupoteza kinga uliyoizoea bila kujua. Uliza, na ukipata yenye ABS hata gurudumu la mbele peke yake, ongeza pesa uichukue.

La pili ni ukubwa wa gurudumu. Vile vipikipiki vya gurudumu la inchi 12, kama Honda Grom, vinapendeza sana, lakini shimo ambalo gurudumu la inchi 17 au 18 hulipita, la 12 huingia. Barabara yako ikiwa na mashimo, tafuta gurudumu kubwa hata kama injini ni ndogo.

La tatu ni kwamba magari yanakupita badala ya wewe kuyapita. Ukizoea kujitoa kwenye hatari kwa kuvuta mafuta, utavuta na hakitatokea kitu. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake utakusukuma. Usiendeshe ukingoni kabisa ukidhani unawapisha watu. Utawakaribisha wakupite kwa kukubana. Shika nafasi yako kwenye njia.

Cc ngapi zinatosha?

Usiangalie wastani wa safari yako, angalia kipande chake kibaya kuliko vyote. Kama hakuna sehemu inayozidi kilomita 60 kwa saa, 110 au 125 inatosha na nyingine inabaki. Kama kuna kipande ambacho kila mtu anakwenda 80, au kilima kirefu, nenda 150 hadi 200. 125 itafika, ila itakuwa inalia muda wote. Kama kuna barabara kuu ya mwendo wa 100 na zaidi, hata kwa dakika tano tu, kaa kwenye 300 au 400. Hizo bado ni nyepesi, nyingi ziko chini ya kilo 180, na kwa watu wengi ndizo zilizokuwa jibu sahihi tangu mwanzo. Ni vile tu anayetoka kwenye 1000 akiamua kushuka hushuka mpaka chini kabisa, kama anayetubu.

Kumbuka pia sheria. Japani, pikipiki za cc 125 kushuka chini haziruhusiwi kwenye barabara za mwendokasi. Uingereza, zile za chini ya cc 50 haziruhusiwi kwenye barabara za aina hiyo. Nchi nyingi zina kikomo chao, na leseni pia: Umoja wa Ulaya una daraja la A1 linaloishia cc 125 na kilowati 11. Jua kikomo cha kwako.

Mimi ni mrefu, au nina mwili. Nitafaa?

Mzito atafaa, akaze springi za nyuma na kukubali kupanda vilima kwa gia ya chini. Mrefu ndiye mwenye shida: magoti hugusa hendeli ukikata kona. Usijaribu kwa kukaa tu dukani. Kaa, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, weka mguu kwenye pedeli ya breki uubonyeze. Goti likizuia, achana nayo.

Nabeba mtu nyuma kila siku.

Basi usishuke chini ya 150. Watu wawili wazima ni rahisi kufika kilo 150, zaidi ya uzito wa pikipiki yenyewe. Umbali wa kusimama unarefuka, shokapu zinagonga mwisho kwenye kila tuta, taa ya mbele inaangaza angani. Soma kiwango cha mzigo kwenye kitabu chake, kisha jumlisha na begi.

Skuta au yenye gia?

Kwa safari fupi mjini tu, skuta. Hakuna klachi ya kukamua kwenye foleni, kuna mahali pa kuweka kofia chini ya kiti, na miguu haipati tope. Lakini zina gurudumu dogo (rudi juu kwenye suala la mashimo) na mkanda wa ndani ambao lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Ukikatika njiani, unasukuma. Mimi nilichagua gia kwa sababu moja isiyo na mantiki: napenda kubadilisha gia.

Ya umeme je?

Kwa safari fupi ndiyo mahali pake. Haina oili ya kuchafuka, haijali dakika nne au arobaini, na umbali inaokwenda kwa chaji moja hauna maana kwako kama unatumia kilomita 12 kwa siku. Swali ni moja: utaichajia wapi? Kama betri haitoki na huna soketi karibu na maegesho, mjadala umeisha.

Uendeshaji unabadilika?

Sana, na wazoefu ndio wanaoteseka wiki ya kwanza. Aliyezoea injini kubwa hubaki kwenye gia ya nne akitembea pole na kuvuta mafuta tu. Ukifanya hivyo kwenye 125 itatikisika na kugonga, na hiyo ndiyo inayoiumiza, wala si kuzunguka kwa kasi. Shusha gia. Iache ilie. Sauti ambayo kwenye pikipiki yako ya zamani ilikuwa kelele ya hatari, hapa ni ya kawaida.

Jifunze pia kutunza mwendo. Ukipoteza kilomita 20 kwa saa mbele ya kilima, utapanda na mwendo huo mdogo hivyohivyo hadi juu, na magari nyuma yamepanga foleni.

Matengenezo ni madogo?

Ni rahisi, lakini ni ya mara kwa mara. Lita moja ya oili inafanya kazi ya lita nne, kwa hiyo huchoka mapema. Fuata kitabu, na kama safari zako zote ni fupi, badilisha kabla ya kilomita hazijatimia. Tumia oili ya pikipiki iliyoandikwa JASO MA au MA2 (alama za viwango vya Kijapani). Oili ya gari ndogo huweza kuwa na viungo vya kupunguza msuguano, na kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huogelea kwenye oili hiyohiyo, itaanza kuteleza. Skuta zenye klachi kavu ndizo zinazotumia JASO MB.

Ninunue mpya au iliyotumika?

Pikipiki ndogo iliyotumika mara nyingi imetumika kwelikweli. Kubwa hununuliwa kwa mapenzi na kufunikwa turubai; ndogo hupelekwa kazini hata ikiwa inavuja.

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, jambo la kwanza, kabla ya salamu ndefu, gusa injini kwa mgongo wa kiganja. Mimi niligusa moja ikawa ya moto, muuzaji akasema alikuwa ametoka dukani mara moja. Nikasema sawa, nitangoja ipoe. Tukakaa saa nzima na nusu tukizungumza mambo ya dunia. Ilipopoa, ilikataa kuwaka mpaka akaondoa kichujio cha hewa na kuziba kwa kiganja. Tukaagana vizuri tu.

Baada ya hapo: inua gurudumu la mbele na ugeuze usukani polepole, ukisikia umenasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la nyuma ulitikise kulia na kushoto. Vuta cheni kwa nyuma kutoka kwenye sproketi. Ikiinuka na meno yakaonekana, hesabu bei ya mpya. Namba ya fremu ilingane na kadi. Moshi wa bluu, ondoka.

Haiwezi kuibiwa kirahisi?

Inaweza. Watu wawili wanaiinua na kuipakia. Kufuli la usukani halitoshi; ifunge kwa mnyororo kwenye kitu kilichochimbiwa chini.

Niuze kubwa, au nibaki na zote mbili?

Kama una nafasi na uwezo wa kulipia mbili, baki nazo kwa miezi sita ya kwanza. Lakini kubali kwamba ile kubwa sasa ni ya safari ndefu, na safari hizo lazima ziwepo. Itoe walau kila wiki mbili kwa nusu saa au zaidi. Kuiwasha dakika tano pale uani ili "isilale" ni kurudia kosa lilelile la oili na maji. Betri iunganishe kwenye chaja ya kuitunza, na usiache tangi nusu kwa miezi.

Miezi sita ikiisha, tazama kilomita zake. Kama ulizoendesha ni zile za kuitoa tu, unalipia bima ya kumbukumbu.

Nani asishuke?

Mwenye pikipiki moja tu na safari ndefu kila mwisho wa wiki. Mwenye kipande cha barabara ya kasi asichoweza kukikwepa. Anayeipenda kubwa yake kiasi kwamba dakika kumi hizo ndizo bora za siku yake. Huyo aongeze mzunguko wa kilomita 15 akirudi nyumbani, oili itapata moto naye atafurahi. Nimempa ushauri huo rafiki yangu, na hadi leo anapitia njia ndefu.

Watanicheka?

Wiki mbili hivi. Honda Super Cub ilianza kuuzwa mwaka 1958 ikiwa na injini ya cc 49, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Hakuna chombo kingine cha injini kilichofika hapo. Wanaocheka wengi walijifunzia kwenye kitu cha aina hiyo.

Umewahi kujuta?

Mara mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenye kilima, mvua inakuja usoni, gia ya tatu, mafuta nimevuta yote, na basi likanipita na abiria wa dirishani akaniangalia kwa huruma. Ya pili ni siku niliyoiuza 650. Mnunuzi aliiwasha, akaiacha ingurume kidogo, kisha akaondoka nayo, nami nikaisikiliza hadi kona ya mwisho.

Asubuhi yake nilitoka na ile 125 kwa mkono mmoja, mwingine umeshika chupa ya maji.